Tundu Dogo na Njia Ndefu: Historia ya Kutibu Kifua Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa, 1891–2017

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya kutibu magonjwa ya kifua katika Wilaya ya Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, tangu kuwasili kwa misheni za Kijerumani mwaka 1891 hadi mwaka 2017, watafiti wa Mbeya na wenzao walipoanza kufuatilia hali ya mapafu ya watu waliougua kifua kikuu. Hoja kuu ni kwamba historia ya upasuaji wa kifua kwa matundu madogo haianzi siku kamera ilipoingia katika chumba cha upasuaji. Inaanza na sindano na mrija, vifaa ambavyo hospitali ya wilaya ilivimudu mapema. Insha inaonyesha pia kuwa tangu zamani hatima ya mgonjwa wa kifua wa mwambao huu imeamuliwa zaidi na muda aliochukua kufika hospitali kuliko ukubwa wa jeraha la upasuaji. Anayefika mapema hutibiwa kwa tundu dogo. Anayechelewa huhitaji kufunguliwa kifua, na mara nyingi hakuna aliye karibu wa kumfungua.

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi ya historia ya upasuaji hufuata safari ya kifaa. Husimulia nani alikibuni, hospitali ipi ilikipokea, wagonjwa wangapi wa mwanzo walifanyiwa, na matokeo yao yalikuwaje. Utaratibu huo unaifaa hospitali kubwa ya mji mkuu, lakini unauacha mwambao kama wa Kyela nje ya historia, kana kwamba watu wake walikuwa wakisubiri tu kifaa kiwafikie. Insha hii inafuata njia nyingine. Inaanza na kifua cha mkazi wa mwambao, magonjwa yaliyokipata na watu waliojaribu kukitibu, kisha inauliza upasuaji wa matundu madogo una maana gani ukitazamwa kutoka huko.

Kyela ni uwanda wa chini, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, uliozungukwa na milima ya Rungwe kaskazini na safu ya Livingstone mashariki. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha maji yake humo kabla ya kuingia ziwani. Mvua ni nyingi kuliko katika wilaya nyingi za Tanzania, na wakati wa masika sehemu za uwanda hufunikwa na maji. Mchele na kakao vimeipatia wilaya jina, lakini maji yanayostawisha mpunga ndiyo hayo yanayokata barabara. Upande wa mashariki, chini ya safu ya Livingstone, kijiji cha Wakisi cha Ikombe kinachosifika kwa ufinyanzi kimezoea kufika Matema kwa mtumbwi. Magharibi, ng'ambo ya Mto Songwe, ni Wilaya ya Karonga ya Malawi, yenye watu wa lugha na koo zinazokaribiana na za Wanyakyusa. Mipaka ya kiserikali haikuwahi kuzuia magonjwa kuvuka mto huo.

2.0 Kifua Katika Fikra za Wenyeji na Ujio wa Misheni

Tiba ya Kizungu ilifika kaskazini mwa ziwa kabla ya utawala wa Kijerumani. Dk. David Kerr Cross wa misheni ya Livingstonia alifanya kazi katika eneo hilo tangu katikati ya miaka ya 1880, na aliwatibu majeruhi wa vita vya Karonga vya 1887–1889 kati ya Kampuni ya African Lakes na Mlozi. Mwaka 1891 Wamoravian walifungua kituo Rungwe, na katika mwaka huohuo wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky waliingia Unyakyusa. Katika miaka iliyofuata vituo vya misheni vilienea kutoka milimani hadi ufukweni, na kazi ya dawa iliambatana na kazi ya Injili. Hospitali ya Matema, inayoendeshwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri kupitia Dayosisi ya Konde, imesimama juu ya urithi huo.

Watu waliokutana na wamisionari walikuwa na maelezo yao kuhusu mwili na ugonjwa. Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alifanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika kwa kirefu juu ya imani ya pumzi ya watu. Jirani aliyekasirishwa kwa haki aliaminika kuweza kumletea mkosaji baridi na homa kwa pumzi yake. Pumzi, kwa hiyo, ilikuwa jambo la jamii nzima. Iliunganisha afya ya mtu mmoja na uhusiano wake na kijiji. Kikohozi kisichokwisha au maumivu ya ubavu yaliibua swali la nani amekosewa kabla ya swali la kipi kinauma.

Jambo la pili aliloliandika Wilson lina uzito zaidi kwa mada hii. Wanyakyusa waliamini kuwa nguvu za uchawi hukaa tumboni katika umbo la chatu, na kwamba nguvu hizo zingeweza kuthibitishwa kwa kuufungua mwili wa marehemu. Kuufungua mwili ili kupata ukweli hakukuwa kitu kigeni kilicholetwa na daktari. Kilichokuwa kigeni ni kumfungua mtu aliye hai kwa matumaini kwamba ataendelea kuishi. Tofauti hiyo husaidia kueleza kwa nini hofu ya kisu haipaswi kuchukuliwa kuwa ujinga. Palipo na desturi ya kuufungua mwili baada ya kifo, kisu kinachogusa kifua cha mtu anayepumua kina maana nzito.

3.0 Kifua cha Mhamiaji, 1913–1961

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 magonjwa ya kifua ya mwambao hayawezi kutenganishwa na safari za kutafuta kazi. Kodi ya wakoloni ilidai fedha taslimu, na vijana wa Unyakyusa walizitafuta katika machimbo ya dhahabu ya Lupa wilayani Chunya, katika migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini, na katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand huko Afrika Kusini. Waliokwenda Afrika Kusini waliandikishwa na shirika ambalo watu wa ukanda huo walilifahamu kwa jina la Wenela.

Migodi ya Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kuona gharama ya kuwachukua watu wa nchi za joto. Mwaka 1913 serikali ya huko ilipiga marufuku kuandikisha wafanyakazi kutoka kaskazini mwa latitudo 22 kusini, kwa sababu walikuwa wakifa kwa wingi, hasa kwa nimonia. Ziwa Nyasa lote liko kaskazini mwa mstari huo. Marufuku hiyo ililegezwa na kisha kuondolewa katika miaka ya 1930, migodi ilipohitaji watu zaidi, na baada ya hapo wanaume wa Tanganyika waliandikishwa hadi serikali ya nchi huru ilipousitisha mpango huo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwanahistoria Randall Packard ameonyesha jinsi migodi hiyo ilivyowarudisha vijijini wafanyakazi walioambukizwa kifua kikuu, hivyo gharama za ugonjwa zikaangukia familia zao. Vumbi la silika lilidhoofisha mapafu, nayo bakteria ya kifua kikuu ikapata mahali pa kukaa. Mtu alirudi na godoro, baiskeli na kikohozi. Kwa mwambao wa Nyasa, huu ndio mwanzo wa swali linaloirudia historia hii yote: ugonjwa ulioanzia mbali ulitibiwa wapi, na nani alilipa gharama ya kuchelewa?

Vumbi la mgodini halikubaki mbali. Mwaka 1988 mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira ulifunguliwa katika eneo la mpaka wa Kyela na Ileje. Utafiti wa Mamuya na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, ulibaini kuwa wafanyakazi wa mgodi huo, hasa waliokuwa wakichonga njia mpya chini ya ardhi, walivuta vumbi na silika kwa viwango vya juu. Sasa madhara ya aina iliyoletwa na Wenela kutoka mbali yalikuwa yanatokea nyumbani.

Mbali na mawimbi hayo mawili, lilipita la tatu. Homa ya mafua ya mwaka 1918 ilifika kusini-magharibi mwa Tanganyika nchi ikiwa bado inaumia kwa vita. James Ellison ameeleza jinsi janga hilo lilivyofungamana na njaa kali katika eneo hilo. Homa hiyo iliua watu wengi kupitia mapafu, na kwa baadhi ya walioiokoka iliacha usaha ukiwa umejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Janga hilo ndilo lililoifundisha dunia namna ya kutumia mrija.

4.0 Mrija na Chupa: Tundu Dogo la Kwanza

Pafu limefunikwa na utando laini, na ukuta wa kifua una utando wake kwa ndani. Kati ya tando hizo mbili kuna nafasi nyembamba yenye shinikizo lililo chini ya lile la hewa ya nje, na shinikizo hilo ndilo linalolifanya pafu libaki limetanuka. Hewa, maji, damu au usaha ukiingia humo, pafu husinyaa. Tabibu anapaswa kuondoa kilichoingia bila kuiruhusu hewa ya nje kuchukua nafasi yake.

Gotthard Bülau, daktari wa Hamburg, alifanya hivyo kabla ya mwisho wa karne ya 19 kwa njia rahisi. Aliingiza mrija kifuani, kisha akautumbukiza upande wa pili katika chupa ya maji iliyowekwa chini ya usawa wa mgonjwa. Maji yaliruhusu usaha na hewa kutoka, yakazuia hewa kurudi. Hata hivyo, madaktari wengi waliendelea kufungua kifua kwa kukata ubavu. Wakati wa janga la 1918, kamati ya jeshi la Marekani iliyokuwa na Evarts Graham ilionyesha kuwa kumfungua kifua mapema mgonjwa mwenye usaha kuliua watu wengi, kwa wastani wa takriban asilimia 30, na kwamba kutumia mrija uliofungwa hadi usaha ukomae kulipunguza vifo chini ya asilimia 10. Hili ni moja ya ushahidi wa mwanzo kwamba katika kifua jeraha dogo linaweza kuwa bora kuliko jeraha kubwa. Halikuhitaji kamera. Lilihitaji mrija, maji, na subira.

Njia hiyo imekuwa mkono wa kulia wa hospitali za wilaya kote Afrika Mashariki. Mrija hushonwa kwenye ngozi kati ya mbavu, chupa huwekwa sakafuni, nao muuguzi hutazama maji yakipanda na kushuka kadiri mgonjwa anavyovuta na kutoa pumzi. Maji yakisimama, ama mrija umeziba, ama pafu limekwisha kutanuka na kazi imekamilika. Pasipo chupa maalumu, chupa ya dripu hutosha. Ujuzi wake unaweza kufundishwa kwa daktari msaidizi katika hospitali ya wilaya, na kwa sababu hiyo ulifika mahali ambapo bingwa wa upasuaji wa kifua hakufika.

Kwa mtazamo wa insha hii, mrija na chupa ndivyo upasuaji wa tundu dogo wa kwanza kuenea vijijini. Kuuita kitu kingine kwa sababu hauna kamera ni kuipima historia kwa kifaa na kumsahau mgonjwa.

5.0 Kifaa Kilichozaliwa na Kifua Kikuu

Kutazama ndani ya kifua kupitia tundu dogo nako ni kazi ya zamani. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus, tabibu wa Stockholm, alitangaza kuwa kifaa cha kutazamia kibofu cha mkojo kinaweza kuingizwa kifuani na tumboni, mgonjwa akiwa amepewa ganzi ya sehemu tu. Hakukusudia kuondoa uvimbe. Katika miaka iliyofuata alikitumia kuwasaidia wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo tiba iliyoaminika ilikuwa ile ya Carlo Forlanini wa Italia, ambaye tangu mwaka 1882 alipendekeza pafu lenye ugonjwa lisinywazwe kwa kuingiza hewa kifuani ili lipumzike. Mara nyingi pafu lilikuwa limegandamana na ukuta wa kifua, hivyo halikusinyaa. Jacobaeus aliingia kwa tundu dogo na kukata nyuzi zilizolishikilia.

Kwa hiyo upasuaji wa kifua kwa matundu madogo ulizaliwa na kifua kikuu. Ulienea Ulaya katika hospitali za mapumziko milimani, na ulififia baada ya kupatikana streptomaisini mwaka 1943 na isoniazidi mwaka 1952. Dawa ilipoweza kuua bakteria, hapakuwa na sababu ya kusinyaza pafu. Ulaya iliweka kifaa kabatini kwa sababu ugonjwa ulipungua. Mwambao wa Nyasa haukuwahi kuwa na kifaa hicho, na ugonjwa haukupungua. Tanganyika ilikuwa na kituo maalumu cha kifua kikuu huko Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, tangu mwaka 1926, lakini hicho kilikuwa upande wa pili wa nchi. Kwa mgonjwa wa Ipinda au Mwaya, Kibong'oto ilikuwa habari tu.

6.0 Hadubini, Dawa na Mpango wa Taifa

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilielekeza nguvu za afya vijijini kwa kujenga zahanati na vituo vya afya, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipeleka elimu ya afya kwa njia ya redio na vikundi vya kusoma. Katika mazingira hayo ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, kwa ushirikiano na umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu na mshauri wake, Karel Styblo.

Mpango huo uliiweka hadubini badala ya eksirei katikati ya uchunguzi. Makohozi yalitazamwa katika wilaya, mgonjwa aliandikwa kwenye rejesta, na matokeo ya kila kundi la wagonjwa yalihesabiwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 dawa za muda mfupi zilianza kutumiwa: miezi miwili ya dawa kali, mgonjwa akiwa kwa kawaida amelazwa hospitalini, ikifuatiwa na miezi sita ya vidonge. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza duniani kote mkakati uliotokana kwa kiasi kikubwa na uzoefu wa Tanzania. Nchi maskini ilikuwa imezifundisha nchi nyingine njia ya kutibu kifua bila kukigusa kwa kisu.

Mafanikio hayo yaliambatana na changamoto mbili. Ya kwanza ni virusi vya UKIMWI, vilivyopanda pamoja na misafara ya barabara kuu na biashara ya mpakani. Wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa nchini waliongezeka kutoka takriban 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi zaidi ya 60,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ya pili ilionekana ng'ambo ya Songwe. Kati ya mwaka 1986 na 1989 watu wapatao 120,000 wa Karonga waliingizwa katika jaribio la chanjo ya BCG. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalionyesha kuwa kumchanja tena mtu mwenye kovu la chanjo ya awali kulimkinga zaidi na ukoma, lakini hakukumwongezea kinga dhidi ya kifua kikuu. Kinga pekee isingetosha. Mwambao ungeendelea kuwa na watu wenye maji, usaha na makovu kifuani, na watu hao wangehitaji mkono wa mpasuaji.

7.0 Kamera na Muda

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kamera ndogo za video zilirudisha tundu la Jacobaeus kwa nguvu mpya. Mwaka 1991 Giancarlo Roviaro na wenzake wa Milano waliondoa sehemu nzima ya pafu wakiongozwa na picha ya kamera. Mwaka 2010 Diego Gonzalez-Rivas wa Hispania alifanya kazi hiyohiyo kupitia tundu moja. Mgonjwa alipata maumivu kidogo, na alirudi nyumbani mapema.

Nchini Tanzania upasuaji wa kamera ulitangulia tumboni. Hospitali ya KCMC ya Moshi iliuanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ushirikiano na hospitali za Northumbria za Uingereza. Upande wa kifua, Muhimbili ilianza upasuaji mkubwa wa moyo mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kuna sababu ya kitaalamu inayoifanya kamera iwahi tumboni. Ili mpasuaji aone kifuani, pafu moja lazima lisimamishwe wakati jingine likiendelea kupumua. Hilo linahitaji mtaalamu wa nusukaputi mwenye ujuzi wa pekee, mrija wa hewa wa njia mbili, mashine ya kupumulia, damu iliyo tayari, na uwezo wa kukifungua kifua mara moja kamera ikishindwa. Kadiri tundu linavyokuwa dogo, ndivyo mfumo unaolibeba unavyotakiwa kuwa mkubwa.

Hapo ndipo muda unapoingia. Tangu mwaka 1962 madaktari wa kifua wa Marekani waligawa ugonjwa wa usaha kifuani katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza umajimaji ni mwepesi, na mrija na chupa hutosha. Katika hatua ya pili usaha huwa mzito na kujitenga katika vifuko. Hapa kamera ina faida kubwa, kwa kuwa mpasuaji anaweza kuvivunja na kusafisha kupitia matundu madogo. Katika hatua ya tatu utando huwa ganda gumu linalolifunga pafu, na mara nyingi njia inayobaki ni kukifungua kifua na kulimenya pafu. Tofauti kati ya hatua hizi ni wiki chache.

Wiki hizo chache zina jiografia. Mtoto mwenye nimonia Ikombe lazima avuke ziwa hadi Matema, na mawimbi yanapochafuka mtumbwi hauondoki. Matema ikiona kuwa mrija hautoshi, mgonjwa hupelekwa Mbeya, umbali wa takriban kilomita 120 kutoka Kyela mjini, akipanda kutoka uwanda wenye joto hadi mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mbeya ikiona kuwa kazi inahitaji bingwa wa kifua, ni zaidi ya kilomita 900 kutoka Kyela hadi Dar es Salaam. Kila daraja la rufaa lina sababu yake. Hata hivyo, kila daraja hutumia siku, na kila siku humsogeza mgonjwa kutoka hatua inayofaa kamera kwenda hatua inayodai kisu kirefu. Nauli, chakula cha ndugu anayemuuguza na shamba la mpunga lililoachwa nyuma huongezwa juu ya hesabu hiyo.

Inawezekana kudai kuwa dawa zimeufanya upasuaji wa kifua kuwa jambo la pembeni, na kwamba wilaya kama Kyela haina haja nao. Ushahidi wa karibuni haukubaliani na dai hilo. Tangu mwaka 2017 watafiti wa Mbeya, pamoja na wenzao wa Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini, wamekuwa wakiwafuatilia watu waliotibiwa kifua kikuu ili kupima mapafu yao baada ya tiba. Msingi wa kazi hiyo ni utambuzi kwamba mtu anaweza kupona bakteria na bado akabaki na pafu lililoharibika. Rejesta ya Styblo iliandika neno amepona na kufunga ukurasa. Kifua cha mgonjwa hakikufunga ukurasa huo.

8.0 Hitimisho

Historia ya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa inapendekeza mgawanyo wa vipindi ulio tofauti na ule wa vitabu vya upasuaji. Kipindi cha kwanza ni cha pumzi kama jambo la kijiji. Cha pili ni cha kifua cha mhamiaji, kilichojazwa vumbi mbali na kurudishwa nyumbani bila tiba. Cha tatu ni cha mrija, hadubini na vidonge, ambapo wilaya ilipata njia ndogo zinazowezekana na kuzitumia kwa mafanikio. Cha nne ni cha kamera, kinachoanza mijini na bado kinasubiri barabara yake.

Kila kipindi kimeshuhudia jambo moja. Ukubwa wa tundu haukuamuliwa na chuma kilichokuwa mezani pekee. Uliamuliwa na siku ambayo mtu alifika. Mtoto wa Ikombe aliyefika siku ya tano alitibiwa kwa mrija. Yule aliyefika wiki ya sita alihitaji kifua kifunguliwe, hata kama ziwa, ugonjwa na hospitali vilikuwa vilevile. Mpango wowote wa kueneza upasuaji wa matundu madogo nchini unapaswa, kwa hiyo, kuanza na kile kinachomfikisha mgonjwa mapema: boti ya Ikombe, daraja linalopitika wakati wa masika, muuguzi anayejua kusoma maji yanayopanda na kushuka ndani ya chupa, na mtaalamu wa nusukaputi huko Mbeya. Bila hivyo kamera itafika Mbeya, na wagonjwa wa Kyela wataendelea kuifikia wakiwa wamekwisha kupita hatua ambayo ingeweza kuwasaidia.